Sakafu ya mbao ya zamani: tunayoamini kuhusu msasa na yalivyo kweli

Nyumba nyingi za zamani zina sakafu nzuri sana ya mbao, ila imefichwa chini ya zulia au rangi iliyopakwa juu ya rangi, alafu siku mwenye nyumba akiigundua kitu cha kwanza anachowaza ni kukodi mashine ya msasa. Hapo ndo sakafu nyingi zinapofia. Mimi hizi sakafu nazipenda na inaniuma kuona mbao iliyodumu miaka 100 ikimalizwa wikiendi moja, kwa sababu mbao ukishaikwangua hairudi.

Dhana ya kwanza ndo mama wa zote: "sakafu ikichakaa lazima ikwanguliwe mpaka mbao mpya itokee". Hapana. Ubao unaweza kuwa na unene wa milimita 20 lakini kwa zile mbao zinazoingiliana ubavuni, ulimi wa huu ndani ya mfereji wa ule, sehemu unayoweza kuila ni ile ya juu ya ulimi tu, mara nyingi milimita 6 hivi, na kupiga msasa wote mara moja kunaweza kuondoka na karibu milimita nzima ukianza na msasa mkali. Na kabla yako hujui wamepita wangapi. Fungua kizingiti cha mlango au kile kifuniko cha tundu la hewa sakafuni, utazame ubao kwa ubavu, hapo utaona umebakiwa na kiasi gani. Ukikuta misumari iliyokuwa imefichwa kwenye maungio imeanza kuchungulia, au kingo za mbao zimekuwa nyembamba na zinamomonyoka vipande vipande, basi hiyo mbao imeshafika mwisho, mashine kubwa usiilete.

Kuna jaribio dogo nalipenda sana. Dondosha tone la maji pale watu wanapopita zaidi. Likisimama kama shanga, vanishi bado ipo, imechoka tu juu juu, na kama haina nta juu yake basi unaosha sakafu, unaiparuza kwa msasa laini namba 120 au 150 (namba ikiwa kubwa msasa ni laini, ikiwa ndogo ni mkali), unafuta vumbi, unapaka koti mpya na kazi imeisha. Tone likinywewa na kuacha doa jeusi ujue pale mbao iko wazi.

"Anza na msasa mkali umalize haraka." Namba 24 inakwangua kweli, lakini inaacha mifereji ambayo utaifukuza kwa namba zote zinazofuata na kila hatua inakula mbao. Jaribu kwanza namba 60 pembeni kidogo, ikitosha hauna sababu ya kushuka kwenye 36. Ukianzia 40, nenda 60, 80, alafu 100, usiruke ruke, maana mikwaruzo haionekani ukiwa na vumbi usoni, inajitokeza ukishapaka vanishi na jua la dirishani likapiga kwa chini. Wengine wanakosea upande wa pili, wanadhani laini zaidi ndo bora wanafika mpaka 220, matokeo yake mbao inang'arishwa inajifunga, mafuta hayaingii vizuri na hata vanishi inakosa pa kushika. Kwa sakafu nyingi 100 au 120 inatosha kabisa.

Halafu hili la "usipige msasa kukata nyuzi za mbao kamwe". Mbao za zamani mara nyingi zimejikunja kingo zikainuka, ukifuata nyuzi tu mashine inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, kwa hiyo mzunguko wa kwanza unapita mshazari, inayofuata ndo unafuata nyuzi. Kinachoharibu kweli ni kusimama. Ile mashine ya ngoma, yaani yenye silinda inayozunguka ikiwa imevishwa msasa, ikigusa sakafu huku haitembei, sekunde mbili tu, inachimba beseni dogo ambalo mguu unalihisi hata ukiwa na soksi. Unaishusha ukiwa tayari unatembea, unainyanyua kabla hujasimama. Na misumari yote izamishwe kwanza kama milimita 3.

Madoa meusi kuzunguka misumari kwenye mwaloni watu wanayafukuza kwa msasa mpaka wanatengeneza shimo, wakati lile sio uchafu, ni chuma kimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, pakiwa na maji, na doa linazama ndani. Asidi ya oksaliki ndo inalififisha, uvae glavu na miwani, usuuze vizuri, uache pakauke kabisa.

Nafasi kati ya mbao? Kuzijaza zote kwa unga wa mbao na gundi ni kazi bure, mbao inavimba kukiwa na unyevu na kusinyaa hewa ikikauka, kile kijazio kinapasuka kinatoka vipande. Nafasi kubwa zijazwe kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa upande mmoja tu, ndogo ziache.

Sasa jambo ambalo naomba lisichukuliwe kirahisi, eti "vumbi ni usumbufu tu". Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, Marekani kwa mfano waliipiga marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, na ukiisaga kwa mashine unaitawanya nyumba nzima ikingoja watoto wanaotambaa. Pima rangi kabla hujawasha chochote. Ukikuta gundi nyeusi kama lami au vigae vya zamani vilivyobandikwa juu ya mbao usivisage kabisa mpaka vipimwe, vinaweza kuwa na asbesto, yale madini ya nyuzi nyuzi yanayoharibu mapafu. Hata vumbi la mbao tupu, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeliweka kundi la 1 la visababishi vya saratani, kwa hiyo barakoa ya kuchuja chembe ni lazima.

Mfuko wa vumbi nao umwage nje kila ukipumzika, ukiachwa umejaa unaweza kupata moto wenyewe usiku. Hivo hivo matambara uliyopakia mafuta ya kitani, yanajipasha joto yakiwa yamekunjwa, yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae au yazamishe kwenye ndoo ya chuma yenye maji, na ufanye hivo kabla hata hujaenda kunawa mikono.