Setilaiti haikuoni: lokesheni kwenye simu ya kukunja

"Fundi, mwashie baba watoto lokesheni. Akipotea baharini, setilaiti itatwambia aliko."

Hapana, mama. Setilaiti haitamwambia mtu. Imani hii naikuta huku Lamu, Shela na hata Kizingitini, na kwa mvuvi aliye nje ya miamba wakati wa kusi inaweza kugharimu roho.

GPS, yaani kile kipokezi cha setilaiti ambacho simu hutumia kujua ilipo, husikiliza tu. Setilaiti ziko juu yetu kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hunasa mawimbi ya angalau nne, hupima yamechukua muda gani kufika, kisha hupiga hesabu yenyewe. Hakuna kinachorudi juu. Redio yako ikinasa taarifa ya habari, mtangazaji hajui kama uko Manda au Mombasa. Anayekutafuta atajua ulipo pale tu simu itakapotuma ujumbe, na ujumbe hupitia mnara. Mnara wa kawaida wa simu (GSM) kikomo chake ni kilomita 35 hivi, na mara nyingi haufiki huko. Kifaa kinachoita setilaiti kipo, ile beakoni ya dharura ya 406 MHz, lakini hicho si simu yako ya kukunja.

Halafu hakikisha simu yenyewe ina GPS. Nokia 2720 Flip, inayotumia mfumo wa KaiOS, inayo. Nokia 2660 Flip nayo hukunjwa vilevile, lakini haina, na hakuna fundi wa kuwasha kisichokuwamo. Kuwasha ni kazi ndogo: ingia mipangilio, upande wa mtandao, washa huduma ya mahali. Weka na programu ya kuonyesha tarakimu za mahali.

Sasa hili la bando. "Haishiki bila bando." Inashika! Bando huharakisha tu, kwa sababu simu huletewa ratiba za setilaiti kupitia mtandao. Bila bando huzipokea kutoka angani kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Ratiba ya setilaiti moja huchukua kama nusu dakika ikiwa mawimbi hayakukatika. Simu iliyokaa sana bila kutumika inaweza kuhitaji orodha nzima ya setilaiti zote, ambayo ni dakika 12 na nusu. Mtu anasimama ndani ya nyumba ya mawe, kuta nene, dari ya boriti, anangoja dakika moja kisha ananiletea simu "mbovu". Nenda ukingoni mwa bahari, mbingu iwe wazi, simu itulie mkononi. Na kwa kuwa ratiba hizo huchakaa baada ya saa nne hivi, washa kabla ya kung'oa nanga, ungali na mtandao.

Kile kipimo cha usahihi ambacho programu huonyesha mimi sikiamini sana. GPS ikikosa, simu huweza kukisia kwa minara, na ukiwa baharini minara yote iko upande mmoja, nchi kavu. Kosa linaweza kuwa la kilomita kadhaa, na tarakimu zikatokea safi kama kawaida. Nina shaka pia na simu yenyewe kama tegemeo la pekee chomboni: maji ya chumvi hayaibakishi muda mrefu.

Linaloniumiza zaidi ni namna tunavyosomeana tarakimu. Mji wa Lamu uko karibu nyuzi 2.27 kusini mwa ikweta. Mtu anapiga simu, anasema "mbili, ishirini na saba". Wa pwani anaandika nyuzi 2, dakika 27 (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya uzi). Hayo ni mambo mawili! Nyuzi 2.27 ni nyuzi 2 na dakika 16.2. Dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini ni maili moja ya bahari, mita 1,852, na manahodha wanalijua hili kuliko mimi. Tofauti ni karibu dakika 11: chombo cha uokozi kinapelekwa kilomita 20 kusini mwa mahali watu wanapong'ang'ania ubao.

Kwa hiyo tuma SMS, usitegemee sauti. Andika nukta, taja pande zote mbili, weka saa, na mnakosukumwa: "Kusini nyuzi 2.271, mashariki nyuzi 40.902, saa kumi jioni, mashine imezima, twasukumwa kaskazini." Iandike ungali nchi kavu, uihifadhi, ubaki kubadilisha tarakimu tu.