Yai halina mlango, na mtoto wako hana kosa

Swali ni lile lile, limekuja tena: "Mwanangu ana miaka minne, nimemtegea kitendawili cha yai, kanikodolea macho tu. Ana tatizo la akili?" Hana. Mwenye tatizo ni mtegaji.

"Nyumba yangu haina mlango" kinamtaka msikilizaji akubali kwamba nyumba si nyumba. Mtoto wa miaka minne akisikia nyumba anaiona ya kwao, kisha anauliza watu wanaingilia wapi. Swali zuri kuliko jibu. Mtegee "Kuku wangu ametagia miibani", atakujibu "Kuku!", maana kuku umeshamtaja wewe mwenyewe. Nanasi alitoe wapi? Vitendawili vya jadi ni mafumbo, mara nyingi vilitegwa jioni, wakubwa na wadogo wakiwa pamoja. Hakuna aliyekuwa akiwatilia wadogo alama.

Kwa chekechea, tega kwa sifa za kitu chenyewe. Tandika mkeka, weka vitu vitano au sita: kijiko, ndoo, kiatu, chungwa, sufuria, ufagio. Vikifika kumi macho yanatangatanga. Toa sifa tatu: kwanza kazi yake, halafu umbo, mwisho kile kinachokitenga na wenzake. Usianze na rangi. Ukisema "tunalila, la njano" halafu ukakataa papai kwa sababu wewe ulifikiria embe, hufundishi kufikiri, unafundisha kupiga ramli kichwani mwa mwalimu. Baada ya kila sifa hesabu kumi kimoyomoyo. Walimu wengi hawafiki tatu.

Sasa linaloniudhi hasa: ngeli. Kiswahili kimetupa nusu ya jibu bure, na tunaitupa. "Ina miguu minne, haitembei": meza. "Kina miguu minne, hakitembei": kiti au kitanda, na hapo ndipo sifa ya pili inapopata kazi, "usiku nakilalia". Mtoto anayejua Kiswahili cha nyumbani hushika hiyo *i* au *ki* bila kufundishwa na mtu. Lakini mwalimu anaanza: "Kitu hiki kina miguu minne", naye anafikiria meza! *Ki* hiyo ni ya "kitu", haisemi lolote kuhusu meza. Ukitaka kuwatilia ugumu wa miaka sita, sawa, tumia "kitu" kwa makusudi. Kwa wa miaka minne, liache neno hilo kabatini.

Hapa nakiri kasoro ya mbinu yangu. Kuna watoto wengi, Nairobi na bara kwa jumla, ambao kwao ni "kiti ina miguu minne". Ngeli haiwasaidii. Je, nimrekebishe katikati ya mchezo? Siku nyingine narudia sentensi kwa "kina" bila kusema kitu, siku nyingine naacha, na hakuna uamuzi kati ya hiyo miwili ulioniridhisha.

Mchezo wa silabi una mtego huo huo. "Naona kitu kinachoanza na *ki*" haufai: kijiko, kikombe, kiti, kisu, kitabu, chumba kizima kinaanza na *ki*. Chagua mwanzo usio kiambishi cha ngeli: *su* ya sufuria, *ndo* ya ndoo, au waulize silabi ya mwisho. Makofi yapigwe pia, ila jihadhari na mbwa: ni mawili, m-bwa, si moja. Mbuzi nayo ni mawili, mbu-zi. Ukikosea wewe, darasa zima linakosea.

Utaratibu wa "Kitendawili!" "Tega!" usiukate ili kuokoa muda. Na wakishindwa, dai mji. Kwao kutoa Mombasa nzima ni raha kuliko kupatia, na anayepewa mji lazima asimulie alivyofika huko na alichokikuta, ndipo ataje jibu. Hapo ndipo sentensi ndefu zinapotoka.

Halafu kuna yule atakayesimama: "Kitendawili!" "Tega!" "Mbuzi!" Msimcheke. Muulize mbuzi huyo ana nini, anakula nini, analiaje. Akimaliza, mwambie atege tena, safari hii mbuzi amfiche mwisho.