Bt: dawa ya viwavi isiyoua mpaka iliwe

Bacillus thuringiensis, Bt kwa kifupi, ni bakteria wa udongoni ambaye amekuwa akiuzwa kama dawa ya wadudu tangu 1938, bidhaa ya kwanza ilipotoka Ufaransa. Miaka yote hiyo hajakosa watu wa kumsingizia. Wapo wanaomwogopa bure, wapo wanaomsifia kupita kiasi, na nikiwasikiliza naona pande zote mbili zimesahau jambo lilelile: sumu yake ni protini. Lazima iliwe, na iliwe na mdudu mwenye utumbo unaoikubali.

"Nimepuliza jana, leo viwavi bado wazima. Hii dawa feki."

Mkulima aliyezoea dawa za kemikali zinazopenya ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu hutegemea kukuta viwavi wamelala chini asubuhi. Bt haina shughuli na ngozi. Bakteria huyu anapotengeneza spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, hutengeneza pia fuwele za protini ziitwazo Cry. Kiwavi akitafuna jani lililopulizwa, fuwele zinayeyuka ndani ya utumbo wake wenye alkali kali, vimeng'enya vyake mwenyewe vinaikata ile protini na kuiamsha, nayo inajishika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kuutoboa. Utumbo unapooza. Ndani ya saa chache ameacha kula, ingawa kufa kwenyewe kunaweza kuchukua siku mbili, tatu au zaidi. Kwa hiyo usihesabu mizoga, kagua majani. Kama hakuna matundu mapya wala kinyesi kibichi, dawa imefanya kazi.

Kuna malalamiko ya haki pia, ila mara nyingi kosa liko kwenye saa ya kupuliza. Jua huiharibu protini hii ndani ya siku chache tu, ndiyo maana jioni ni bora kuliko asubuhi. Na kiwavi lazima umwahi akiwa mdogo. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza 2016, akishakua hujichimbia ndani ya moyo wa mhindi, na dawa ya juu juu haimfikii. Kanitangaze wa nyanya ni mjanja zaidi: anakula katikati ya ngozi mbili za jani, kama aliyejifungia ndani ya bahasha. Vidukari na inzi weupe nao hufyonza utomvu bila kutafuna jani, kwa hiyo kuwapulizia Bt ni kuwaogesha tu.

"Kinachoua kiwavi kitamuua na mlaji wa kabichi."

Tumbo la mtu lina asidi, si alkali, na protini ya Cry ikifika humo humeng'enywa kama protini nyingine. Vipokezi inavyovihitaji, utumbo wetu hauna. Hapa ushahidi ni mwingi na wa miaka mingi. Hata hivyo, anayepuliza avae barakoa na kukinga macho, kwa sababu unga au mvuke wa dawa yoyote unakera, na mboga zioshwe kama kawaida. Tahadhari hiyo ina sababu nyingine: Bt ni ndugu wa karibu wa Bacillus cereus, yule bakteria wa wali uliolala anayeharibu matumbo ya watu.

"Ni ya asili, haidhuru kitu," au kinyume chake, "inaua wadudu wote."

Zote mbili si kweli. Mtu wa kwanza kumtambua bakteria huyu, Ishiwata Shigetane wa Japani mwaka 1901, alimkuta akiua viwavi wa hariri, mali ya watu. Mjerumani Ernst Berliner alimpata tena 1911 kwenye nondo wa unga katika jimbo la Thuringia, na jina likatoka huko. Aina ya kurstaki huua viwavi wa nondo na vipepeo, wale wazuri wa bustanini wakiwemo. Aina ya tenebrionis ni ya mbawakavu kadhaa wa majani. Aina ya israelensis, iliyopatikana jangwa la Negev mwaka 1976, huua mabuu ya mbu, na ni miongoni mwa vinavyozalishwa na kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, Tanzania, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Ukiimwaga hiyo kwenye kabichi, nondo hatajali. Nyuki je? Aina ya aizawai imewahi kutumika ndani ya mizinga yenyewe, dhidi ya nondo wa nta, bila kuwadhuru nyuki.

"Bt ni GMO."

Ya kupuliza si GMO. Hata wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kuitumia. GMO ni pale jeni ya bakteria inapoingizwa ndani ya mmea ili mmea utengeneze protini wenyewe, kama mahindi na pamba za Marekani tangu 1996, au pamba ya Bt ambayo serikali ya Kenya iliidhinisha Desemba 2019. Unaweza kupinga mbegu hizo kwa hoja za bei au za umiliki wa mbegu, na baadhi ya hoja hizo nazikubali, lakini usiitwishe chupa ya kupuliza lawama hizo.

"Kwa kuwa ni ya asili, wadudu hawawezi kuizoea."

Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Nondo wa kabichi wa Hawaii walionyesha usugu dhidi ya Bt ya kupuliza, na taarifa ikachapishwa 1990, kabla ya mmea wowote wa Bt kuuzwa. Kisha bungua wa mahindi Afrika Kusini akastahimili mahindi ya Bt, ikaripotiwa 2007. Funza mwekundu wa pamba akafanya vivyo hivyo India. Kinga iliyopendekezwa ni kupanda kando sehemu ya shamba kwa mbegu isiyo na Bt, ili wadudu wasio sugu wabaki hai na kupandana na wale sugu, usugu usienee haraka. Afrika Kusini sharti hilo lilikuwepo tangu mwanzo. Wakulima wengi hawakulitimiza katika miaka ya kwanza, na bungua hakuwa na haja ya kusubiri sana.