"Semeni, sisi": Luka 17:10 haikuandikwa kwa ajili ya mlinzi

Juzi tena, kwenye kikao cha baraza la wazee. Mlinzi wetu wa kanisa hajalipwa miezi mitatu. Alikuja kuuliza, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mzee mmoja akamjibu: "Ndugu yangu, hii ni kazi ya Bwana. Sisi tu watumwa wasio na faida." Wenzake wakaitikia amina. Mlinzi akasema asante, akaenda kufunga geti.

Mimi ni mchungaji, na aya hii nimeisikia ikitumika hivyo mara nyingi mno. Safari hii usingizi umekataa.

Someni kitenzi, jamani. "Semeni." Yesu anazungumza na mitume, waliotoka kumwomba awaongezee imani, na anawapa maneno ya kujisemea wenyewe wakishamaliza kazi: "Sisi tu watumwa wasio na faida; tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Ni "sisi". Hakumpa mtu ruhusa ya kumwambia mwenzake "wewe". Petro naye anaandika "jifungeni unyenyekevu": unajifunga mwenyewe, kama mama zetu wanavyojifunga kanga kiunoni kabla ya kuinamia beseni la vyombo. Ukimfunga mwingine kwa nguvu, hiyo ni kamba.

Halafu neno "faida". Watu husikia "hatufai kitu", wakatoka ibadani wamejikunyata. Muulize muuza nyanya yeyote: faida ni kinachozidi mtaji. Mtumishi ametimiza wajibu, hakuzidisha, kwa hiyo hana cha kumdai Mungu. Thamani yake haijaguswa. Nakiri hapa pana ugumu: Kigiriki chake, akhreioi, ndilo neno la Mathayo 25:30 kwa yule aliyefukia talanta akatupwa nje, na pale halina upole wowote. Ila yule hakufanya kazi; hawa wamefanya yote. Nashikilia tofauti hiyo, ingawa si kwa uhakika ambao ningependa kuwa nao.

Kuhusu mshahara sitakawia. Asiye na cha kumdai Mungu bado anaweza kulidai kanisa. Luka 10:7, mtenda kazi anastahili ujira wake. Yamekwisha.

Kinachonichoma zaidi ni mfano wenyewe, ule Yesu anaoutoa kabla tu ya aya hii. Bwana anaketi, mtumwa ametoka kulima na bado anaambiwa apike, na wala hashukuriwi. Nahubiri pwani. Ng'ambo ya maji, Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Huku Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Nikitamka "watumwa" naona nyuso za wazee fulani zikibadilika, na maelezo yangu ya Kigiriki hayawasaidii.

Ninachobaki nacho ni Luka huyohuyo, sura ya 12, aya ya 37: bwana anarudi usiku, anawakuta watumwa wanakesha, "atajifunga na kuwakaribisha chakulani, atakuja na kuwahudumia." Kitenzi kilekile, kujifunga, safari hii kiunoni mwa bwana. Katika Yohana 13 Yesu mwenyewe anajifunga kitambaa, anashika beseni, anaosha miguu ya wanafunzi wake.

Niliwasomea wazee aya hiyo jana jioni. Fedha za vipaza sauti vipya zimesimama. Mlinzi amelipwa miezi miwili. Wa tatu ni ajenda ya kwanza Alhamisi.