Uokoaji wa biashara ni nini? Tujifunze kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini

Tarehe 5 Desemba 2019 Shirika la Ndege la Afrika Kusini, SAA, liliwekwa chini ya uokoaji wa biashara. Hadi leo wengi wanasema siku hiyo shirika lilifilisika. Hapana. Ufilisi unafanana na mirathi: mwenyewe hayupo tena, kilichobaki ni kuhesabu alichoacha na kuwagawia wanaodai. Uokoaji unakuja kabla ya hapo, wakati kampuni bado inapumua na kuna watu wanaoamini kwamba ikipewa nafasi itasimama.

Kwa mfanyakazi, tofauti hii inaamua kama atakula mwezi ujao. Kwa sheria za Afrika Kusini, kampuni ikiingia kwenye ufilisi mikataba ya kazi inasimamishwa papo hapo. Mhudumu wa ndege aliyeamka akiwa na kazi analala hana mshahara. Kampuni ikiingia kwenye uokoaji, mkataba wake unaendelea kwa masharti yaleyale mpaka yabadilishwe kwa makubaliano au kwa taratibu za sheria ya kazi. Ndiyo maana nasisitiza maneno haya mawili yasichanganywe.

Utaratibu wenyewe umo katika sura ya 6 ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Mei 2011. Kampuni inahesabiwa kuwa katika dhiki ya fedha ikiwa haielekei kuweza kulipa madeni yake yanapofika muda wa kulipwa katika miezi 6 ijayo, au ikiwa katika muda huo madeni yataelekea kuzidi mali. Sheria haingoji mpaka akaunti ikauke. Inaitaka bodi itazame mbele nusu mwaka na kusema ukweli.

Bodi inaweza kuanzisha uokoaji kwa azimio lake yenyewe. Ikinyamaza, mtu yeyote anayeguswa na hali ya kampuni anaweza kwenda mahakamani kuomba. Anayeguswa ni nani? Mwanahisa, mdai, na pia mfanyakazi na chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu watu huzungumzia vyama vya wafanyakazi kama wageni waliovamia kikao cha wenye mali. Sheria hii inawapa kiti. Wanapaswa kupewa taarifa, kushauriwa mpango unapoandaliwa, na mishahara waliyokuwa wanadai kabla ya uokoaji inatangulia mbele ya wadai wasio na dhamana, yaani wasiowekewa mali yoyote ya kampuni kama rehani. Na Novemba 2019, siku chache kabla bodi ya SAA haijaamua, ni chama cha wafanyakazi kilichoitwa Solidarity ndicho kilichokuwa kimekwenda mahakamani kuomba shirika liwekwe chini ya uokoaji.

Uokoaji ukishaanza, usukani unahamia kwa msimamizi wa uokoaji. Kwa SAA aliteuliwa Les Matuson, kisha akaongezwa Siviwe Dongwana. Wakurugenzi hawafukuzwi, lakini wanafanya kazi chini ya msimamizi. Wakati huohuo kampuni inapewa kivuli: wadai hawaruhusiwi kuishitaki wala kukamata mali yake bila ruhusa. Chini ya kivuli hicho msimamizi anaandika mpango: nini kibaki, nini kiuzwe, nani alipwe kiasi gani. Wadai wanaupigia kura, na unapita ukiungwa mkono na zaidi ya asilimia 75 ya thamani ya kura zilizopigwa, zikiwemo angalau nusu ya kura za wadai wasio na uhusiano na kampuni.

Wasomaji wa Kenya watauliza kama huyu si mrasimu, yaani mtu anayewekwa na mdai kushika mali ya kampuni. Si yeye. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, aliyemweka ni benki iliyokuwa inakidai, na kazi ya kwanza ya mrasimu wa namna hiyo ni kurudisha fedha za benki. Msimamizi wa uokoaji anatakiwa kuweka sawa haki za wote wanaoguswa, mwenye benki na mfagiaji wa karakana.

Kuna jambo la tatu linalochanganywa na hili, nalo ni serikali kumwaga fedha. SAA haikutengeneza faida tangu mwaka 2011. Mwaka baada ya mwaka Hazina ilitoa fedha, na pale isipotoa taslimu ilitoa dhamana. Dhamana ya serikali ni ahadi kwa benki: mkopesheni huyu, akishindwa nitalipa mimi. Benki ikipata ahadi hiyo haina tena sababu ya kuuliza kama ndege zinajaa au mafuta yanatumika vibaya. Inaikopesha serikali kwa jina la shirika la ndege. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugonjwa wa mashirika ya ndege ya umma unapojificha, maana kinachoonekana kama imani ya mabenki kwa shirika ni imani yao kwa mlipa kodi. Bajeti ya Februari 2020 ilipotenga randi bilioni 16.4 kulipa madeni ya SAA yaliyodhaminiwa na riba zake, ahadi hizo ndizo zilizokuwa zinalipwa.

SAA si jina geni kwetu. Serikali ya Afrika Kusini iliianzisha mwaka 1934 kwa kuchukua kampuni binafsi ya Union Airways. Mwaka 2002 ilinunua asilimia 49 ya hisa za Air Tanzania kwa dola milioni 20, na mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika. Wakati wote huo nyumbani kwake mambo yalikuwa yanaharibika taratibu. Safari zake ndefu zilitegemea Airbus A340 zenye injini nne, huku washindani wakivuka bahari kwa ndege za injini mbili. Vigogo waliingia na kutoka. Mkurugenzi mtendaji Vuyani Jarana alijiuzulu katikati ya mwaka 2019, akilalamika kwamba fedha zilizohitajika kwa mageuzi hazikuwa na uhakika na maamuzi yalichelewa. Hesabu za miaka miwili ya mwisho zilikuwa hazijatolewa.

Juu ya hayo yote kulikuwa na uongozi wa bodi. Dudu Myeni, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi hadi mwaka 2017, alitangazwa na Mahakama Kuu mjini Pretoria mwezi Mei 2020 kuwa hafai kuwa mkurugenzi wa kampuni maisha yake yote, kwa namna alivyoshughulikia mambo kama mkataba wa ushirikiano na Emirates na ule wa ndege za Airbus. Nani waliompeleka mahakamani? Shirika la kiraia la OUTA pamoja na chama cha marubani wa SAA, SAAPA. Chama cha wafanyakazi kilibeba gharama na miaka ya kesi kutetea kampuni iliyokuwa inaharibiwa kutoka juu. Jambo hili huachwa kila habari ya vyama vya SAA inaposimuliwa, na linaniumiza.

Sasa tuje kwenye mgomo. Tarehe 11 Novemba 2019 menejimenti ilitangaza kupanga upya shirika, hatua ambayo ingeweza kugusa ajira 944. Vyama vya wafanyakazi vya NUMSA na SACCA, cha kwanza kikiwa cha wafanyakazi wa vyuma na cha pili cha wahudumu wa ndege, vilikuwa vinadai nyongeza ya mshahara ya asilimia 8. Tarehe 15 wakagoma. Shirika likafuta karibu safari zake zote, likakadiria hasara ya randi milioni 50 kwa siku. Baada ya wiki moja walikubaliana asilimia 5.9, huku malipo yake yakitegemea fedha kupatikana.

Kuelewa kwa nini wiki moja ilitosha kulimaliza, inabidi kuelewa tiketi ni nini. Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo amenunua mwezi Septemba tiketi ya kwenda Johannesburg Desemba kuchukua mzigo. Fedha yake imeingia, lakini shirika bado halijamfanyia chochote. Kwa vitabu vya hesabu hilo ni deni: kampuni inamdai abiria? Hapana, abiria anaidai kampuni safari. Lakini fedha za Septemba hazikai kungoja Desemba. Zinanunua mafuta ya leo na kulipa mishahara ya mwezi huu. Shirika la ndege lililokaukiwa linaishi kwa mkopo wa abiria wake wa kesho, na mkopo huo unasimama juu ya kitu kimoja tu, imani kwamba ndege itaruka.

Mgomo uliivunja imani hiyo. Mwishoni mwa Novemba kampuni ya bima ya safari iliacha kuwakinga wasafiri dhidi ya SAA kufilisika, na mtandao mkubwa wa mawakala, Flight Centre, ukaacha kuuza tiketi zake. Wakala mwenye busara hamuuzii mteja tiketi isiyo na bima. Tiketi zisipouzwa leo, hakuna mafuta ya kesho. Siku chache baadaye bodi ilikuwa mbele ya azimio la uokoaji.

Je, wagomaji ndio walioiua SAA? Wapo wanaosema hivyo bila kusita, nami sikubaliani nao. Kampuni ambayo wiki moja ya mgomo inaipiga magoti ilikuwa imeshapigwa magoti, na wiki hiyo iliondoa pazia tu. Lakini sitaficha pia kwamba kudai asilimia 8 kutoka kwa mwajiri asiye na hesabu za miaka miwili na anayeishi kwa dhamana ni kudai fedha ya Hazina, si ya shirika. Viongozi wa vyama walijua hilo. Walizoea, kama mabenki yalivyozoea, kwamba serikali haitaliacha shirika lake lianguke. Dhamana haikumlevya mkopeshaji peke yake.

Msimamizi alianza kukata mapema. Februari 2020 alitangaza kufuta karibu safari zote za ndani isipokuwa Cape Town, na kadhaa za nje, ikiwemo ya Entebbe. Machi akaanza mchakato wa kupunguza watu katika shirika lililokuwa na wafanyakazi wapatao 4,700. NUMSA na SACCA wakaenda Mahakama ya Kazi, na tarehe 8 Mei 2020 wakashinda. Mahakama ilisema msimamizi hawezi kutoa notisi za kupunguza watu kabla mpango wa uokoaji haujaandikwa. Kupunguzwa kazini lazima kutokane na mpango wenyewe. Mahakama ya Rufaa ya Kazi ikaafiki.

Hukumu hiyo inaeleza uokoaji kuliko kifungu chochote. Mpango ni ahadi kwa watu wote wanaoguswa: wewe utapoteza hiki ili kile kibaki. Ukimfukuza mtu kabla hujamwonyesha kinachobaki, umemkata bila kuokoa kitu. Wafanyakazi hawakukataa kwamba shirika lingepungua. Walitaka kuona hesabu kwanza.

Ila ushindi wa mahakamani haukuleta unga. Korona ilikuwa imeshazitua ndege zote, na kwa miezi kadhaa watu hawakulipwa. Fikiria fundi mwenye leseni ya kugusa injini, mkataba wake uko hai kisheria, na kila mwisho wa mwezi anafungua simu kutazama ujumbe wa benki usiokuja. Hapo ndipo penye udhaifu wa uokoaji: kivuli cha sheria kinamzuia mdai kukuvamia, lakini hakikupi fedha. Fedha za kuendeshea kampuni wakati wa uokoaji lazima zitafutwe, na anayezitoa anatangulizwa kulipwa mbele ya wadai wa zamani. Kwa SAA zilitoka kwa wakopeshaji wake wa nyumbani na Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, kisha zikaisha.

Julai 2020 wadai waliupitisha mpango kwa asilimia 86. Ulitaka shirika lianze upya na wafanyakazi wapatao 1,000, wengi wa wengine waondoke kwa hiari kwa kulipwa. Oktoba Hazina ikatenga randi bilioni 10.5.

Marubani ndio waliokuwa wa mwisho kumalizana. Mkataba wao wa zamani haukuwa na tarehe ya kuisha na usingeweza kubadilishwa bila ridhaa ya chama chao. Ulipandisha ngazi na kulinda vyeo kwa miongo, na kwa kweli ulikuwa mzigo ambao shirika dogo lisingeubeba. Desemba 2020 walifungiwa nje ya kazi, na suluhu ikapatikana katikati ya mwaka 2021. Uokoaji ulimalizika rasmi tarehe 30 Aprili mwaka huo, na tarehe 23 Septemba ndege ya SAA ikaruka tena kutoka Johannesburg kwenda Cape Town. Mpango wa kuuza asilimia 51 kwa muungano wa Takatso ulifutwa Machi 2024, kwa hiyo shirika likabaki mali ya serikali.

Tanzu zake hazikuwa ndani ya uokoaji huo. Mango, shirika la bei nafuu lililomilikiwa na SAA, liliendelea kungoja fedha mpaka Julai 2021 lilipozuiwa kuruka kwa kutolipa huduma za kuongoza ndege. Mwezi huohuo marubani wa Mango, pamoja na NUMSA na SACCA, walikwenda mahakamani kuomba kampuni yao iwekwe chini ya uokoaji wa biashara. Walikuwa wameona kwa wenzao jinsi ulivyo mgumu, na bado wakauomba.