Damu ya kurithi inayoganda kupita kiasi na ubongo: maswali na majibu

Swali: Kumbe tabia ya damu kuganda ovyo hurithiwa?
Hurithiwa, na ziko aina kadhaa. Inayotajwa sana ni Faktari V Leiden, iliyopewa jina la mji wa Uholanzi ambako watafiti waliieleza mwaka 1994. Damu ikishaziba jeraha, protini C huikatakata faktari ya tano, protini inayosaidia damu kuganda, ili kuganda kukome. Ya mwenye Faktari V Leiden haikatiki upesi. Iko zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, nadra kwa Waafrika. Wengine hurithi upungufu wa protini C, protini S au antithrombini, ambazo huzuia damu isigande kupita kiasi.

Swali: Ubongo unaingiaje hapo?
Wengi hukimbilia kufikiria kiharusi cha kawaida, lakini uhusiano ulio wazi uko kwenye vena, yaani mishipa inayotoa damu kichwani kuirudisha moyoni. Ikizibwa na bonge la damu, damu hurundikana na shinikizo la kichwa hupanda. Kichwa huuma zaidi siku hadi siku, hasa ukilala au ukiinama. Macho huona ukungu, na wengine hupata degedege. Ni rahisi kudhaniwa kipandauso. Picha ya kawaida ya CT (eksirei ya kompyuta) inaweza kutoka safi, kwa hiyo daktari akishuku huagiza picha ya vena zenyewe.

Swali: Na kiharusi cha kawaida?
Kwa watu wazima uhusiano ni hafifu; presha, kisukari na sigara vina mchango mkubwa zaidi.

Swali: Dada yangu amekutwa na Faktari V Leiden. Nipime?
Ongea na daktari kwanza. Ikiwa ameirithi kwa mzazi mwenye nakala moja ya jeni hiyo, nawe ulikuwa na nafasi nusu kwa nusu, ila wengi wenye nakala moja hawapati bonge maishani. Mtaje dada yako kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kabla ya upasuaji na ukiwa mjamzito. Angalizo moja: ujauzito hushusha protini S, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushusha C na S, hivyo majibu ya vipimo vya protini hizo wakati huo hupotosha.

Swali: Bonge likishaziba vena za ubongo, tiba ni nini?
Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hata pale damu imevuja kidogo ndani ya ubongo kwa kule kurundikana, kwa kawaida bado hutolewa, maana kinachovujisha ni kile kizibo.