Istithnaa munqatii: je, Ibilisi alikuwa malaika?

Swali hili halikosi katika darsa za Ramadhani hapa Lamu, msomaji wa Qurani afikapo sura ya Al-Baqara aya ya 34. Malaika wameamrishwa wamsujudie Adam, wakasujudu isipokuwa Ibilisi. Hapo kijana aliyeegemea nguzo huuliza: "Maalim, na At-Tahrim aya ya 6 yasema malaika hawamuasi Mwenyezi Mungu. Huyu kaasi vipi?"

Ana haki ya kuuliza. Mgongano wa namna hii, wa juujuu, wanazuoni huuita taarudhi, na huu wa Ibilisi umefungwa na neno moja dogo la Kiarabu, *illa*, yaani isipokuwa.

Kutoa kitu kwa *illa* ndiko kunakoitwa istithnaa, nayo ni ya aina mbili. Muttasili ni pale anayetolewa akiwa wa jinsi moja na waliotajwa: wanafunzi wote wamekuja isipokuwa Ali. Munqatii, iliyokatika, ni pale anayetolewa si wa jinsi yao tangu hapo. Mfano wa vitabu vya nahau, wa tangu na tangu, ni huu: "Watu walikuja isipokuwa punda." Kwingine mwanafunzi huucheka. Lamu, ambako mchanga na mawe ya kujengea hupanda mitaani juu ya mgongo wa punda, hauhitaji maelezo. Mtu akisema "wote wamerudi kutoka Matondoni isipokuwa punda", hakuna atakayefahamu kuwa punda ni mtu. Katajwa kwa kuwa alikuwa msafarani.

Ndivyo wengi wanavyomsoma Ibilisi: alikuwa pamoja na malaika, hakuwa wao. Al-Kahf aya ya 50 yasema wazi kuwa alikuwa miongoni mwa majini, akaiasi amri ya Mola wake. Hasan al-Basri, mwanazuoni wa zama za mwanzo za Uislamu, alishikilia kauli hii bila kulegeza.

Kauli hii ina deni, hata hivyo. Kama si malaika, amri waliyopewa malaika ilimpataje? Jibu limo Al-Aaraf aya ya 12, anapoulizwa ni nini kilichomzuia kusujudu *alipoamrishwa*. Naye hakujitetea kwamba amri haikumhusu, utetezi ambao ungekuwa mwepesi kuliko yote. Alisema yeye ni bora, kaumbwa kwa moto na Adam kwa udongo.

Wapo wanaoisoma istithnaa hii kuwa muttasili. At-Tabari, mfasiri wa Qurani, amepokea riwaya kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kwamba Ibilisi alikuwa wa kabila la malaika lililoitwa jinni. Kwa kauli hii, maneno ya At-Tahrim huweza kusomwa kuwa ni ya malaika wasimamizi wa Moto peke yao, kwani ndio wanaotajwa katika aya hiyo. Kisarufi sioni kosa. Kinachonikwamisha mimi ni kwamba Al-Kahf, katika aya ile ile ya 50, yamtaja Ibilisi na kizazi chake, nasi tumefundishwa tangu chuo cha Qurani kuwa malaika hawazai.